Mteja akikwambia "niwekee", ujue amekufanya benki

Leo sina ujanja wa kupiga picha za bidhaa wala maneno ya kuweka kwenye stetasi. Nina hoja moja, na najua wapo watakaonikasirikia maana inagusa hela ambazo muda huu ziko kwenye simu zetu.

Hoja yenyewe ni hii: wengi wetu tunaouza mtandaoni kwa mtindo wa lipa kidogo kidogo tumeshakuwa benki bila kujua. Tunashika hela za watu wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi, halafu tunaziita mauzo. Si mauzo. Na siku hela hizo zikiitwa zije, ndiyo utajua kama wewe ni mfanyabiashara au umekuwa ukiishi kwa jasho la mama wa watu.

Nimelijua hili kwa aibu, hapa hapa Kansay, nitawasimulia. Lakini nianze mbali kidogo, vumilieni.

Kuna ule ushauri unaozunguka kila ukurasa wa biashara: dhahabu ikigunduliwa, usikimbilie kuchimba, uza koleo. Umeshausoma mara mia. Mfano wanaoutoa ni Levi Strauss, yule mhamiaji kutoka Ujerumani aliyefika San Francisco mwaka 1853 wakati watu wamepagawa na dhahabu ya California, akauza vitambaa na bidhaa kwa jumla, na mwaka 1873 yeye na fundi mshonaji Jacob Davis wakapata hataza ya suruali zenye vibati vya shaba. Ndiyo jinzi unayovaa. Ushauri si mbaya. Ila unaishia nusu ya hadithi, kwa sababu kwenye miji ile ya machimbo aliyeuza koleo alikuwa na kazi ya pili, na ile ya pili ndiyo iliyomjenga.

Fikiria mji kama Virginia City huko Montana. Dhahabu ilionekana kwenye bonde la Alder Gulch mwezi Mei 1863, watu wakamiminika kwa maelfu. Hakuna benki. Njiani kuna majambazi wanaovizia gari la farasi linalotoka na dhahabu. Mchimbaji ana kimfuko cha vumbi la dhahabu, analala kwenye hema na watu asiowajua. Ampe nani amtunzie? Anaangalia mji mzima, anaona mtu mmoja mwenye mlango wa maana, mzani wa kupimia, daftari na kasiki la chuma. Mwenye duka. Anamwambia niwekee. Ndivyo Mjerumani mmoja, Henry Elling, aliyefungua duka la nguo kwenye mji ule, alivyokuja kuwa mwenye benki. Hakuamka siku moja akasema nafungua benki. Watu walianza kumwachia vitu vyao, na kila walipovirudia wakavikuta.

Hata huku kwetu, nenda Mirerani. Kijana wa Karatu anayekwenda kushuka kwenye shimo la tanzanite anaweza kukaa miezi bila jiwe. Anakula kwa nani? Kwa mwenye shimo anayelisha vijana kwa makubaliano ya mgao, au kwa mama mwenye genge anayeandika kwenye daftari. Siku jiwe likitoka, hela inakuja kwa mkupuo na ndugu wanatokea kila upande. Mwenye akili anatafuta pa kuiweka kabla haijaliwa. Mambo ya kutunza na kukopesha hayajaanza na programu za simu.

Sasa mfano wetu wenyewe, wa Afrika Mashariki, ambao sijui kwa nini kurasa zetu haziutaji. Anaitwa Allidina Visram.

Mwaka ule ule wa 1863 ambao watu wa Montana walikuwa wanakimbilia Alder Gulch, kijana wa kama miaka 12 kutoka kijiji cha Kera, Kachi, India, alishuka kwenye jahazi pwani ya kwetu. Hakuja na mtaji. Alifanya kazi kwa Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyekuwa akiandaa misafara ya kwenda bara. Ukishawahi kulazwa au kwenda kumuona mgonjwa kwenye jengo la Sewahaji pale Muhimbili, ndiye huyo. Sewa Haji alikuwa anatafuta wapagazi, anatoa vitambaa, shanga na nyaya za shaba, msafara unaondoka, na yeye anabaki Bagamoyo akisubiri pembe za ndovu zirudi. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Hesabu miezi. Yaani unampa mtu mzigo leo, unamuona tena pengine baada ya mwaka, na huna simu ya kumuuliza "umefika wapi boss?"

Hapo ndipo Allidina alipojifunza biashara. Somo la kwanza halikuwa kuuza, lilikuwa kujua ni nani wa kumwachia mali ukalala usingizi.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897, na Allidina, ambaye tayari alikuwa na biashara yake, akaendelea na kazi ya misafara. Alifungua maduka kwenye njia ya kati kupitia Tabora hadi Ujiji. Mwaka 1898 akafungua duka Kampala, reli bado haijafika hata karibu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Kila kambi ilipokwenda mbele, maduka ya Allidina yalifuata. Chumvi, unga, mchele, vitambaa kwenda. Pembe, nta, asali, ngozi kurudi.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo penye utamu.

Uganda ya wakati ule haikuwa na benki. Benki ya kwanza, tawi la National Bank of India, ilifunguliwa Entebbe mwaka 1906. Kwa hiyo kuanzia 1898 kuna miaka minane ambayo ofisa wa serikali, mmisionari au mfanyabiashara mwenye haki yake ya kulipwa rupia pwani hana pa kuzipatia akiwa bara. Ana karatasi tu. Na upande wa pili kuna Allidina, ambaye duka lake la Kampala limeuza vitambaa, sanduku limejaa rupia, na anatakiwa azipeleke Mombasa kulipia mzigo mpya. Kuzipeleka ni hatari na ni gharama: wapagazi, walinzi, wiki kadhaa njiani.

Umeshaona? Huyu anataka rupia huku na ana haki ya kulipwa kule. Yule ana rupia huku na anazitaka kule. Wanabadilishana. Mwenye karatasi anachukua fedha taslimu dukani Kampala, karatasi inakwenda pwani kwa Allidina, inalipwa huko, mzigo mpya unanunuliwa. Hakuna rupia hata moja iliyobebwa kichwani. Wahindi walikuwa na karatasi za aina hiyo kwao kwa karne nyingi, wanaziita hundi, na neno lenyewe tumelirithi, hadi leo ofisi za serikali zinasema hundi.

Wakala wa M-Pesa akikwambia "floti ninayo ila keshi sina, subiri mtu aje kuweka", anafanya hesabu ile ile ya Kampala ya 1898. Sisi tulidhani imeanza mwaka 2008 Vodacom walipoileta Tanzania.

Winston Churchill alipita njia ile mwaka 1907, na kitabu chake cha safari kilichotoka 1908 kinakiri kwamba sehemu kubwa ya mtaji wa biashara huku ilitoka kwa Mhindi mwenye fedha, na kwamba hata walowezi wa kizungu walikuwa wanamwendea kukopa. Na walowezi wale hawakuwapenda Wahindi, tuseme ukweli. Walimdharau mchana, wakamgongea mlango hela zilipowaishia. Walimwendea kwa sababu moja tu, karatasi yake ilikuwa inalipwa.

Watu walimwita mfalme wa Uganda asiye na taji. Sina haja ya kumfanya malaika. Biashara ya pembe za ndovu ilikuwa na damu ndani yake, ya tembo na ya watu, na mwenye duka wa bara alipanga bei apendavyo kwa sababu hakukuwa na duka jingine. Mkulima aliyekopa chumvi kwa ahadi ya mavuno hakuwa na pa kulalamikia. Ninachokitaka kwake ni kitu kimoja tu, na hicho hakihitaji kumpenda.

Ukileta karatasi yake, ulilipwa. Hata kama siku hiyo ilikuwa mbaya kwake.

Haya, turudi Kansay.

Mimi nauza mablanketi, mashuka, masweta na gambuti. Ukikaa huku kwetu juu mwezi wa sita na wa saba unajua kwa nini. Wateja wangu wengi ni wakulima wa huku, Endabash, Buger na pembeni, na wachache wa Mang'ola wanaoshuka na kupanda na vitunguu. Wananiona kwenye WhatsApp, wanaagiza, natuma kwa boda au kwa basi. Mkulima hana mshahara. Ana hela mbaazi zikiuzwa, ana hela maharage yakiuzwa, katikati ana kuku na mayai. Kwa hiyo nikaanzisha lipa kidogo kidogo: chagua blanketi lako, tuma elfu mbili leo, elfu tano wiki ijayo, ukimaliza unapewa. Ilipendwa sana. Nilifika wateja thelathini na kitu wanaolipa kwa mtindo huo, na kwenye laini yangu zikakaa zaidi ya milioni moja.

Aisee, milioni moja kwenye simu inaongea. Inakwambia mbona unanunua bando moja moja, si ukachukue mzigo mkubwa upate bei ya jumla? Nikaichukua yote nikaagiza mzigo Arusha. Mzigo ukachelewa. Ulipofika, nusu yake ulikuwa saizi ambazo sikuagiza, mashuka ya kitanda kidogo tupu, mablanketi yale waliyochagua watu hayakuwamo. Tukaanza kuvutana na aliyeniuzia, siku zinakwenda.

Katikati ya hapo mama mmoja wa Endabash akamaliza kulipa. Blanketi moja na shuka mbili, za kijana wake aliyekuwa anakwenda kuanza kidato cha tano. Akatuma elfu tatu ya mwisho, akaandika: nimemaliza mwanangu, tuma na boda kesho, mtoto anasafiri Jumatatu.

Nikamjibu uongo. "Mzigo upo njiani mama."

Mnajua sentensi hiyo. Tusijifanye. Nusu ya wauzaji wa mtandaoni Tanzania tumeshaiandika, na mteja akiisoma anajua kabisa hakuna mzigo na hakuna njia.

Jumamosi alikuja mwenyewe na pikipiki. Nilitegemea anitukane mbele ya majirani, nikajiandaa na maneno. Hakutukana. Alikaa kwenye kigoda, akanywa chai niliyompa, akasema: "Mwanangu, mimi ningeweza kununua blanketi mnadani siku moja, nilikuwa na ile hela ya mbuzi. Nilikuwekea wewe kwa sababu ingekaa nyumbani ingeliwa."

Kumbe hakuwa ananunua blanketi kwangu. Alikuwa anaificha hela. Kwa mume, kwa wageni, kwa shida ndogo ndogo, kwa nafsi yake mwenyewe. Aliangalia kijiji kizima akaona mimi ndiye mwenye kasiki la chuma. Na mimi nilikuwa nimeshalifungua na kulimaliza.

Nilikopa kwa kaka yangu hela yake ya mbaazi, nikaenda Karatu mjini nikanunua blanketi kwa bei ya rejareja, nikamkabidhi Jumapili jioni. Nilipata hasara ya kama elfu kumi na mbili. Hela si kitu. Kilichoniuma ni kwamba mwezi uliofuata wateja tisa walitaka hela zao zirudishwe, kwa upole tu, bila kusema kwa nini. Endabash ni karibu.

Tangu siku ile nimekuwa natenganisha maneno mawili ya wateja, na naomba na wewe uyatenganishe. Kuna mteja anayekwambia *niletee*. Anatoa kianzio ili uende ukamchukulie kitu fulani. Hela hiyo ina kazi moja, kununua kitu kile, na ukiitumia kukinunua hujafanya kosa lolote. Ndiyo maana ya oda. Kuna mteja mwingine anayekwambia *niwekee*, hata kama hatumii neno hilo. Anatuma elfu mbili mbili bila haraka. Ukimuuliza unataka rangi gani anasema tutaona. Wengine wanabadilisha bidhaa mara tatu. Huyo hela yake haina kazi yoyote mkononi mwako ila kukaa. Ukimnunulia mtu mwingine mzigo kwa hela hiyo, umekopa kwake bila kumuuliza.

Nawasikia tayari: "Lakini benki nazo si zinatumia hela za wateja? Na huyo Allidina wako si alizungusha?" Swali zuri, na jibu lake ndiyo msingi wa hoja yangu. Ndiyo, benki inakopesha amana. Lakini ina leseni, ina mtaji wake wa kubeba hasara, inalazimishwa kubakiza akiba ya kulipa wanaokuja kuchukua, na inajua kwa uzoefu kwamba wateja elfu kumi hawaji siku moja. Allidina alikuwa na maduka mengi: Ujiji ikikwama, Kampala inauza, pembe zikishuka bei, kuna nta na ngozi. Wewe una wateja thelathini na mzigo mmoja kwenye basi moja. Basi likipinduka, wote thelathini wanakuja siku moja. Tena thelathini hao wanajuana, wako kwenye kikundi kimoja cha kanisa.

Tazama hata kampuni za simu. Hela iliyomo kwenye laini yako, kwa sheria zetu, inakaa benki kwenye akaunti ya amana, kampuni hairuhusiwi kuichukua ikajengee minara. Kampuni kubwa vile imekatazwa. Wewe na mimi hatujakatazwa na mtu kwa sababu hakuna anayetuona, basi tunajiona tuna haki.

Na tusisahau sheria. Kupokea akiba za watu kama biashara ni kazi ya wenye leseni, na ukopeshaji nao una sheria yake ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Lipa kidogo kidogo ya bidhaa inayojulikana, kwa bei inayojulikana, na siku ya mwisho inayojulikana, ni mauzo ya kawaida. Lakini ukianza kupokea hela za watu "wakae nazo tu kwako", au ukawakopesha wengine kwa riba kutoka kwenye hela hizo, umetoka kwenye mablanketi umeingia kwenye jambo jingine kabisa. Kama kijijini wanataka pa kuweka, wasaidie waanzishe kikundi cha kuweka na kukopa chenye usajili. Usijifanye wewe ni kikundi.

Kuna jambo jingine linalonifanya nishupalie hili, na hapa nitatoka kidogo kwenye biashara ya mablanketi.

Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kubana mikopo kwa Waafrika. Mwenye duka asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali cha maandishi cha ofisa wa serikali, mahakama haikumsaidia kudai deni lake. Walisema ni kutulinda tusizame kwenye madeni. Inawezekana wapo waliolindwa. Lakini fikiria babu wa huku, enzi hizo sote tukiwa Wilaya ya Mbulu, anayetaka kufungua kiduka chake. Mhindi wa mjini ana mzigo na yuko tayari kumpa alipe baadaye, kama Allidina alivyopewa na waliomtangulia. Sheria inamfanya aogope. Babu anabaki kununua kwa taslimu, debe moja moja. Allidina alifika bila mtaji akapanda kwa kuaminiwa mali za watu. Babu yetu mlango ule aliwekewa kitasa kwa nje.

Leo kitasa hakipo. Mama wa Endabash amenitumia mimi, mtu mwenye simu moja na rafu mbili za mbao, hela yake bila risiti, bila shahidi. Hicho ndicho babu alichonyimwa. Halafu mimi nakwenda kukichezea kwa tamaa ya bei ya jumla.

Sasa nafanyaje siku hizi? Hakuna jipya sana. Nina laini ya pili ambayo hela za *niwekee* zinaingia moja kwa moja, na kadi yake haikai kwenye simu ninayotembea nayo. Kila anayetuma, namtumia siku hiyo hiyo ujumbe unaosema amefikisha shilingi ngapi na amebakiza ngapi, ili daftari liwe kwake na kwangu. Nimeweka wazi kwenye maelezo ya ukurasa kwamba ukitaka hela yako irudi utaipata ndani ya siku mbili, nakata gharama ya kutuma tu. Mwanzoni niliogopa wote wangedai. Waliodai ni wawili. Baada ya kuwarudishia, mmoja akaanza upya na blanketi kubwa zaidi. Bei ya jumla naikosa, ndiyo. Faida yangu kwa blanketi ni ndogo kuliko ya wenzangu wa Karatu mjini, na kuna miezi inaniuma kweli.

Na kuna jingine ambalo nilichelewa kulifikiria, mpaka niliposoma mwisho wa Allidina. Alifariki mwaka 1916. Mtoto wake Abdulrasul ndiye aliyejenga shule ya Mombasa yenye jina la baba, Allidina Visram High School, mpaka leo ipo. Lakini Abdulrasul naye akafariki mwaka 1923, na haikuchukua miaka mingi biashara ile kubwa, maduka ya nchi nne tano, ikaporomoka. Imani yote ilikuwa imefungwa kwenye majina ya watu wawili.

Mimi nikianguka na boda kesho kwenye ule mteremko wetu wakati wa mvua, nani anajua kwamba elfu thelathini na nane iliyomo kwenye laini ya pili ni ya mwalimu, na kumi na tano ni ya yule binti wa Buger? Ndugu watakuta hela kwenye laini ya marehemu watagawana na kununulia sanda. Kwa hiyo nimemuonyesha dada yangu daftari, nikamwandikia ukurasa wa kwanza kabisa: hela za laini hii si zangu. Alicheka akasema unajiona tajiri. Nikamwambia tajiri ningekuwa nazo zangu.

Yule mama wa Endabash alirudi mwaka huu. Hakunitumia hela kwanza. Alinipigia simu akaniuliza, "Ile laini yako ya pili, kweli huigusi?" Nikamwambia siigusi mama. Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku wake nyuma. Akasema atatuma elfu mbili tuone.

Tuko elfu ishirini na sita. Bado hajasema anataka blanketi gani.